Efuru alikataa jembe, akashika biashara

Riwaya nyingi za zamani humfikisha mwanamke mlangoni. Anamkimbia mume, kitabu kinaisha, na hatuambiwi kesho yake atakula nini. Ndiyo maana naipenda Efuru, ya Flora Nwapa wa Nigeria, iliyochapishwa London mwaka 1966. Humo hesabu ya fedha ipo.

Efuru ni binti wa mtu mwenye jina miongoni mwa Waigbo wa kando ya ziwa. Anamfuata Adizua, kijana maskini, mahari ikiwa bado haijatolewa. Mume anataka waende shamba, mke anakataa katakata. Yeye si mtu wa jembe, ni mtu wa soko. Wanaingia kwenye biashara ya uduvi, wanaiwahi kabla wengine hawajaishtukia, na faida inalipa mahari. Yaani bibi harusi kachangia mahari yake mwenyewe! Wewe unayevuka mpaka na mzigo unajua: anayefika sokoni kwanza ndiye anayepanga bei.

Lakini mtaji haufungi midomo ya watu. Mtoto wake wa pekee, Ogonim, anafariki. Adizua anatoroka na mwanamke mwingine. Efuru anarudi kwa baba yake, baadaye anaolewa na Gilbert, na kwa kuwa hapati mtoto, yeye mwenyewe anashiriki kumwolea mume mke mwingine. Hapo wasomaji wengine humkasirikia. Mimi sioni ajabu. Alikuwa mke aliyepima njia zilizokuwepo, akachagua ile ambayo angeweza kuisimamia.

Asichokubali ni kusingiziwa. Anaugua, na Gilbert anaamini maneno kwamba mkewe amezini. Ajanupu, ndugu wa mama mkwe wake wa kwanza, anamjia juu. Gilbert anamzaba kofi, naye anajibu kwa mchi wa kichwa. (Ukurasa huo nimeurudia mara mbili.) Efuru anafungasha virago na kurudi nyumba ya baba yake akiwa na fedha zake, na Uhamiri, mwanamke wa ziwa anayemwabudu, tajiri asiye na mtoto.

Nwapa, aliyefariki mwaka 1993, naye hakukaa kungoja wachapishaji wa London. Alianzisha kampuni yake, Tana Press, mjini Enugu, akachapa na kuuza vitabu vyake mwenyewe.