KING'ORA CHA GARI: FUNDI AKIFICHE WAPI?

Anayeshuka kutoka katikati ya mji wa Kampala kuelekea Nakivubo, kwenye mfereji mkubwa unaopeleka maji ya mji hadi Ziwa Viktoria, huingia katika mtaa wa mafundi na wauza vipuri. Jirani hapo lipo soko la Kisekka, lililopewa jina la Dakta Samson Kisekka, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uganda toka 1986 hadi 1991. Taa, vioo, giaboksi na waya za kila namna hupatikana huko. Katika mitaa ya namna hii wapo pia mafundi umeme wanaofunga alamu za magari, na makala hii yahusu kazi yao.

Huenda mfanyakazi wa shamba la miwa au wa kiwanda cha nguo akauliza: alamu ya gari yanihusu nini, nami sina gari? Yakuhusu, ndugu. Gari la kampuni likiibwa, mtu wa kwanza kuulizwa ni dereva, na wa pili ni mlinzi wa zamu. Tajiri analipwa na bima. Dereva hana bima ya jina lake. Kwa hiyo kazi mbovu ya fundi mmoja yaweza kumwondoa kazini mfanyakazi mwenzake ambaye hata hajapata kumwona.

MWIZI HUTAFUTA NINI

Mwizi mzoefu hana haja ya kujua alamu inavyofanya kazi. Yeye hutafuta vitu vitatu tu: betri, king'ora na kisanduku cha mitambo. Akikata waya wa betri, alamu ya kawaida hunyamaza. Akikifikia king'ora, atakikata. Akikipata kisanduku, atakichomoa. Basi kazi ya fundi ni kumchelewesha katika kila hatua, maana mwizi na dakika hawapatani.

King'ora hukaa chini ya boneti. Kisiwekwe mahali ambapo mkono unaweza kukifikia kutokea chini ya gari au penye tairi. Kikae mbali na bomba la moshi, ambalo joto lake huyeyusha plastiki, na mbali na mikanda inayozunguka. Mdomo wake utazame chini ili maji ya mvua yasitulie ndani. Kikipatikana king'ora chenye betri yake ndogo ya ndani, hicho ndicho bora, kwa kuwa kitaendelea kulia hata betri kubwa ikikatwa. Tena boneti yenyewe iwekewe swichi, ili ikifunguliwa kelele ianze kabla mwizi hajagusa kitu.

Kisanduku ndicho moyo wa alamu. Mafundi wengi wenye haraka hukitia chini ya usukani, nyuma ya kifuniko kinachofunguliwa kwa bisibisi moja. Hapo ndipo mwizi anapoanza kutafuta. Fundi mwangalifu hukipeleka ndani zaidi na juu, nyuma ya dashibodi, mahali pasipofikika mpaka vitu vingine vifunguliwe kwanza. Lakini kisiguse mhimili wa usukani, wala pedali, wala mitambo ya waipa, wala mabomba ya joto. Kisiwekwe sakafuni chini ya kiti. Wenyeji wa Nakivubo wanajua mvua kubwa inavyofanya: mfereji hufurika, barabara hugeuka mto, na maji huingia mpaka ndani ya magari. Na kwa malori ya mashambani, vumbi na matope vitafanya kazi hiyo hiyo polepole.

Sensa ya mtikisiko ifungwe imara kwenye chuma. Ikining'inia, italia kila lori linapopita, na alamu inayolia ovyo mwishowe hakuna anayeitoka nje kuitazama.

WAYA NDIZO ZINAZOSEMA

Waya mpya, nyekundu na njano, zilizofungwa kwa tepu inayong'aa, humwelekeza mwizi mpaka kwenye kisanduku. Zipitishwe pamoja na waya za kiwandani, zifungwe kwa tepu ya kitambaa kama zile, zisitofautike. Maungio yalehemiwe, kusokota na kubandika tepu tu hakutoshi, kwa sababu gundi huyeyuka kwa joto na waya hulegea. Penye tundu la bati pawekwe mpira, la sivyo bati litakata waya, na shoti yaweza kuunguza gari. Fyuzi iwe karibu na betri. Kabla ya kuanza kazi, betri ifunguliwe, na waya za mfuko wa hewa wa usalama, ambazo kwa kawaida huwa za njano, zisiguswe kabisa.

Liko jambo moja ambalo si la wizi bali ni la uhai. Alamu nyingi hufungwa pamoja na rilei ya kukata umeme ili gari lisiwake. Rilei hiyo ikikata stata, gari lililokwisha kuwaka haliwezi kuzimwa nayo. Lakini ikikata umeme wa injini au pampu ya mafuta, kisha ikaharibika njiani, injini itazima gari likiwa kwenye mwendo. Usukani utakuwa mzito na breki zitapoteza msaada wake. Dereva wa lori lililojaa wafanyakazi kwenye mteremko asitiwe katika hatari hiyo kwa ajili ya kuokoa chuma.

SIRI NA UJIRA

Mahali palipofichwa alamu panapaswa kujulikana na fundi na mwenye gari, basi. Asionyeshwe kila mtu aliyesimama gereji. Wala fundi asitumie mahali pale pale kwa kila gari, maana mwizi akijifunza gari moja atakuwa amejifunza yote. Swichi ya dharura ya kuzimia alamu aonyeshwe dereva pia, ili asikwame usiku porini.

Sasa tuseme kweli. Kuficha vizuri ni kazi ya saa nyingi. Kufunga chini ya usukani ni kazi ya muda mfupi. Fundi anayelipwa kwa idadi ya magari, siyo kwa saa, anasukumwa afiche vibaya. Tajiri wa gereji huona faida leo, hasara humpata dereva kesho. Kwa hiyo ujira wa fundi si habari ya fundi peke yake.

Madereva wa Uganda walijua faida ya kuungana zamani: chama chao kilianzishwa mwaka 1938, katika siku za ukoloni. Dereva wa leo anayetuhumiwa kwa sababu gari limeibwa asikubali kufukuzwa kimya kimya. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 yamtaka mwajiri amweleze sababu na kumsikiliza kabla ya kumfukuza, naye ana haki ya kuwa na mtu wa kumsindikiza aliyemchagua mwenyewe. Amchague mwakilishi wa chama. Na jambo la kwanza la kuuliza katika kikao hicho liwe hili: alamu ya gari ilifungwa na nani, ilifichwa wapi, na fundi alipewa saa ngapi za kuifunga?