Joto la Jioni Lifae Alfajiri

Msafiri atokaye pwani, akateremka Makambako, kisha akashika njia ya kupanda Njombe mpaka Iwawa, makao makuu ya wilaya ya Makete, hutamani koti zito kabla hajafika mwisho wa safari yake. Katika miezi ya Juni na Julai baridi ya milima hiyo ni kali, na asubuhi nyingine umande huonekana umeganda juu ya majani. Katika nchi kama hii, jambo dogo kama maji ya kutawadhia alfajiri si dogo tena. Mtu wa Tanga au Unguja hafikirii maji ya mfereji kwa kuwa hayamtishi. Bali mama wa Iwawa yampasa aamke kabla ya wote, apulize kuni zilizoloa mvua, aingoje sufuria ipate moto, na huku wakati wa sala unakwenda. Watoto nao, waonapo maji ya baridi, hujificha tena ndani ya blanketi.

Waislamu wa nchi hiyo ni wachache, na wengi wao ni watu waliohamia kwa kazi au biashara, ambao hawakulelewa katika baridi. Kwa ajili yao, na kwa wasomaji wetu wote wakaao penye baridi, twataka kueleza hekima tatu ndogo za nyumbani. Zote zina asili moja: joto lililokwisha kununuliwa kwa kuni lisiachwe lipotee bure.

Hekima ya kwanza ni kikapu cha kupikia. Pwani maji huchemka kwa nyuzi 100 za sentigredi, lakini mahali penye kimo cha mita 2,000 juu ya bahari, na mji wa Njombe wakaribia kimo hicho, huchemka kwa nyuzi 93 hivi. Ndiyo sababu maharage ya huko hukawia kuiva. Wala kuongeza kuni hakuyazidishii joto maji ambayo yamekwisha chemka. Huzidisha mvuke tu. Basi kinachotakiwa si moto mkubwa, bali joto lisilotoroka. Chukua kikapu kipana, ukitandike ndani kwa majani makavu na blanketi kuukuu pande zote, na ushone mto wa kukifunikia. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha yamwagiwe maji yake, yatiwe maji mapya, yachemshwe kwa nguvu kwa dakika 20, kisha sufuria ifunikwe vizuri na kuzikwa kikapuni kwa saa tatu au nne. Yakitoka huko hurudishwa motoni kidogo yamalizike, na kuni zilizotumika ni chache. Lakini dakika zile za kuchemka zisipunguzwe, kwa kuwa maharage, hasa mekundu, yana sumu ambayo huondoka kwa kuchemshwa sana, wala haiondoki kwa uvuguvugu. Sufuria nayo iwe imejaa, kwani iliyo nusu hupoa upesi. Jambo hili si geni duniani: chombo cha namna hii kutoka Norway kilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1867.

Hekima ya pili ni chupa ya chai. Mtaalamu James Dewar aliibuni London mwaka 1892, wala hakuwa akifikiria chai. Alitaka chombo cha kuwekea hewa zilizopozwa mpaka zikawa maji. Akatengeneza chupa mbili, moja ndani ya nyingine, akaitoa hewa iliyokuwa kati yake, na joto likakosa njia ya kupita. Mwaka 1904 Wajerumani walianza kuiuza kwa matumizi ya nyumbani. Nyumba nyingi zetu zinayo, lakini usiku hulala tupu kabatini. Tunashauri hivi: chakula cha jioni kiishapo kupikwa na makaa yangali mekundu, bandika maji juu yake. Isuuze chupa kwa maji ya moto, kisha uijaze mpaka shingoni na kuifunga.

Ama hesabu yake ni hii. Tuseme lita 1 imelala chupani ikaamka na nyuzi 70, na maji ya ndoo yana nyuzi 10. Changanya lita hiyo 1 na lita 2 za ndoo: utapata lita 3 zenye nyuzi 30, yaani vuguvugu la kupendeza. Je, lita 3 zinatosha watu wangapi? Imepokewa kwa Anas bin Malik, katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim, ya kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitosheka na mudi moja kwa udhu wake. Mudi hiyo masheikh wetu huifasiri kwa kibaba, nayo haizidi robo tatu ya lita. Basi chupa moja ya lita 1 yatosha udhu wa watu wanne, bila ya kuwasha moto! Lakini yule atumiaye kopo zima la lita 3 peke yake amekula haki ya wenzake watatu. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenyewe chatosha.

Hekima ya tatu ndiyo inayotufundisha kutumia kidogo, nayo ni kibuyu chirizi. Daktari Jim Watt alikieneza huko Chiweshe, Zimbabwe, katika miaka ya 1980, na siku hizi chaonekana katika shule nyingi za Tanzania. Ni dumu la lita 5 lililotobolewa tundu dogo karibu na mdomo, likaning'inizwa juu ya mti mlalo. Kamba yatoka shingoni mwake mpaka kwenye kijiti cha kukanyaga. Ukikanyaga, dumu huinama na maji huchirizika, ukiachia, hunyamaza. Mikono yote miwili ni huru, wala hapana maji yanayomwagika wakati mtu anaposugua viwiko. Maji ya vuguvugu yatiwe dumuni saa ile ile ya kutawadha, yasije yakapoa.

Pamoja na hayo twatoa onyo. Iko njia moja ya kutafuta joto ambayo watu huiona ni wepesi, nayo ni mauti: kuingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga milango ili kulala. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala hana la kumwamsha. Jiko lilale nje, na blanketi ziongezwe.

Mwisho, twawaambia akina baba na vijana: kushona mto wa kikapu, kutoboa dumu na kujaza chupa si kazi za mama peke yake. Imepokewa kwa Bibi Aisha ya kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwatumikia watu wa nyumbani kwake mpaka wakati wa sala ufikapo. Basi kijana wa Iwawa ajazaye chupa usiku humpunguzia mama yake saa nzima ya moshi, naye mwenyewe hana tena udhuru wa kulala alfajiri. Mwenyezi Mungu atuwezeshe kutenda tunayoyajua. Amin.