Ukaidi wa Baghala

Sogeeni, wajukuu zangu. Mmoja wenu kaniuliza maana ya neno la Kiingereza alilolikuta kitabuni, "mulish". Neno hilo limetokana na mnyama, naye ni baghala. Wengine humwita nyumbu, lakini asije mtu akamfikiria yule wa Serengeti anayevuka Mto Mara. Baghala baba yake ni punda, mama yake farasi. Masikio kachukua kwa baba, umbo kachukua kwa mama. Kuzaa, yeye ni nadra mno: farasi ana kromosomu 64, punda 62, baghala akaangukia 63, hesabu isiyogawika kwa mbili.

Sasa, "mulish" ni mkaidi, lakini si kila mkaidi anayeitwa hivyo. Mbishi hahusiki, kwa kuwa mbishi husema. Mwambie moja, akujibu kumi. Huyu wa Waingereza hasemi. Mtume mtoto akaoge: kasimama mlangoni, midomo kaibana, macho chini, miguu kaikita. Hajakataa kwa neno hata moja, wala hatoki hapo! Ndiyo maana katika hadithi zao mara nyingi sifa hiyo hupewa uso wa mtu au kimya chake. Na ni lawama. Usimwite mwalimu wako hivyo.

Baghala mwenyewe, kwa maoni yangu, kaonewa. Farasi akishtuka hutimua mbio. Punda husimama kwanza, akatazama, na baghala kairithi tabia hiyo. Mfikishe kwenye daraja la mbao linaloyumba: masikio yote mawili yanaelekea mbele, kwato zinakita ukingoni, pua inashuka kunusa. Vuta hatamu, chapa fimbo, hasogei. Mwenye fimbo anasema mnyama huyu mkaidi. Mnyama anazipima mbao.

Huko Arizona, Marekani, kuna kijiji cha Supai, chini kwenye korongo la pembeni la Grand Canyon. Gari halifiki, na barua za wenyeji hushushwa na baghala kwa njia ya mawe yenye mteremko mkali. Kwenye njia kama hiyo, mimi ningempanda huyo anayegoma kuliko yule anayetii tu.

George Washington, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Marekani, naye aliwapenda baghala kwa kazi za shamba. Kupata mbegu bora alihitaji punda dume wa Hispania, na Hispania haikuruhusu watolewe ovyo. Mfalme Carlos III akamzawadia, na yule aliyefika mwaka 1785 akaitwa Royal Gift. Punda kafika Mount Vernon, shambani kwa Washington, kaonyeshwa farasi majike, wala hakujali! Washington akawaandikia rafiki zake barua za kumtania. Baadaye punda alikubali kwa wakati wake, na Washington alipofariki mwaka 1799, baghala shambani kwake walikuwa wamezidi 50.