Sambamba na Mfululizo: Spika na Redio katika Gari la Zamani
Katika magari madogo ya zamani yasafirio baina ya Kwale na Kinango, ngurumo za injini humshawishi mwenye gari aongeze spika. Redio nyingi za gari hukusudiwa spika zenye ukinzani wa omu 4. Spika mbili za aina hiyo zikiungwa sambamba kwenye waya zilezile, ukinzani hushuka hadi omu 2, mkondo wa umeme huzidi, na redio yaweza kuungua. Zikiungwa kwa mfululizo, ukinzani hufikia omu 8: redio husalimika, ingawa sauti hupungua. Basi istilahi hizi mbili si pambo la kamusi. Fundi na mteja wasipoelewana juu yazo, hasara humfika mwenye gari.