Mchovu, Lakini Halali: Tuangalie Damu

Mfanyakazi anasinzia kazini saa nne ya asubuhi, kapita anasema ni pombe ya jana. Mama anaamka usiku wa manane na kuzunguka uwanja wa nyumba, majirani wananong'ona uchawi. Kabla ya kumshitaki mtu, apimwe damu.

Hemoglobini ndiyo inayobeba hewa safi toka mapafuni kuipeleka mwili mzima, na mwili hauwezi kuitengeneza bila chuma. Ikishuka, moyo unapiga mbio. Mtu anahema akipanda ngazi chache, anasinzia mchana. Basi mbona usiku halali vizuri?

Mara nyingi ni miguu. Ubongo nao unahitaji chuma. Kikipunguka, wengine wanasikia kama wadudu wanatambaa ndani ya miguu kila wanapolala. Wakitembea kunatulia, wakirudi kitandani kunaanza tena. Akina mama wenye mimba ndio wanaosumbuka zaidi.

Ugonjwa huu si mgeni kwa wachimbaji. Mwaka 1880, watu waliotoboa njia ya reli chini ya mlima wa Saint-Gotthard, kule Uswisi, walikuwa wakidhoofika na kufa kwa kukosa damu. Mwitalia Perroncito aligundua sababu: minyoo ya ankilostoma, inayopenya ngozi ya miguu penye udongo uliochafuliwa na mavi, kisha inanyonya damu tumboni. Kwa hiyo buti si za kukinga mawe tu. Huku kwetu ongeza malaria, hedhi nyingi na mimba za kufuatana.

Mwanaume mzima akiwa chini ya gramu 13 kwa desilita, amepungukiwa; mwanamke 12, mwenye mimba 11. Lakini akiba ya chuma inaweza kwisha hata kabla ya damu kushuka, kwa hiyo mwambie mganga habari ya miguu pia. Na anayeendesha mashine asifiche usingizi wake.

Siropu za sokoni «za kuongeza damu» ziacheni. Sombe na maharagi ni vizuri, ila maini na nyama vinaleta chuma kinachoingia mwilini kwa urahisi zaidi. Chai ngojeni saa moja au mbili baada ya chakula, maana inazuia chuma. Pera au chungwa linakisaidia.

Mwenye SS asianze vidonge vya chuma bila kuandikiwa na mganga. Kwa wengine, choo kikiwa cheusi msiogope, ni vidonge hivyo. Damu ikipanda, endeleeni kuvimeza karibu miezi mitatu ili akiba ijae.