Je, Wajua? Mwinuko Unavyoibadili Damu ya Mkimbiaji

Mji wa Iten, katika Kaunti ya Elgeyo-Marakwet nchini Kenya, uko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Wakimbiaji wa masafa marefu hutoka pembe zote za dunia kwenda kupiga kambi huko. Je, wajua mwinuko huo unaifanya nini damu yao?

Asilimia ya oksijeni ni ileile. Hewa ya Iten na ya Mombasa zote zina oksijeni kama asilimia 21. Kilichopungua Iten ni mgandamizo wa hewa, ambao ni takriban robo tatu tu ya ule wa pwani. Ndiyo maana pumzi moja huko huingiza oksijeni pungufu mwilini.

Figo ndizo zinazopiga mbiu. Zikihisi oksijeni imepungua, hutoa homoni iitwayo erithropoetini, kwa kifupi EPO. Kiwango chake hupanda ndani ya saa chache, nayo huuchochea uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu zaidi. EPO ya kiwandani ni marufuku michezoni. Ya figo zako mwenyewe ni halali.

Vipimo vya siku za mwanzo hudanganya. Mgeni akipimwa siku mbili tatu baada ya kufika, damu yake huonekana imejaa chembe. Kumbe ni maji ya damu yaliyopungua, kwa kuwa hukojoa zaidi na kuhema sana katika hewa kavu. Chembe zenyewe huchukua wiki kadhaa kuongezeka, na ndiyo sababu kambi nyingi huchukua wiki tatu au nne.

Bila madini ya chuma, kupanda mlima ni kazi bure. Himoglobini, inayobeba oksijeni, haijengeki bila chuma. Wanawake, ambao hupoteza chuma kwa hedhi, huhitaji uangalizi zaidi. Maini, nyama, dagaa na maharage husaidia. Chai inayoshushia mlo wa maharage na mboga, hata hivyo, huuzuia mwili kufyonza sehemu ya chuma hicho.

Mlima husaidia maandalizi, si kasi. Olimpiki ya mwaka 1968 ilifanyika Mexico City, mita 2,240. Naftali Temu wa Kenya alishinda mita 10,000 kwa dakika 29 na sekunde 27.4, karibu dakika mbili nyuma ya rekodi ya dunia ya wakati huo. Kwa sababu hiyohiyo wapo makocha wanaofuata njia ya kulala juu na kukimbia chini. Utafiti wa Wamarekani Levine na Stray-Gundersen wa mwaka 1997 uliijaribu: wakimbiaji waliishi mita 2,500, wakashuka hadi mita 1,250 kufanya mazoezi, na muda wao wa mita 5,000 ukaboreka.

Yupo aliyezaliwa na damu iliyojaa chembe nyekundu. Eero Mäntyranta wa Finland alishinda dhahabu mbili za mbio za skii katika Olimpiki ya Innsbruck, mwaka 1964. Baadaye wanasayansi waligundua kwamba jeni ya kurithi katika ukoo wake iliufanya mwili uitikie EPO kupita kawaida.

Damu nzito si lazima iwe bora. Wenyeji wa milima ya Andes wana himoglobini nyingi, na baadhi yao huugua kwa damu kuwa nzito mno. Watibeti huishi kwenye miinuko kama hiyo wakiwa na himoglobini ya chini zaidi, kwa kuwa jeni zao huzuia isipande kupita kiasi.

Faida haidumu. Mkimbiaji akirudi bondeni, EPO hushuka, na katika wiki chache chembe za ziada hupungua. Kwa hiyo tarehe ya kushuka mlimani hupangwa kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka siku ya mashindano.