Kijana Bora wa Kata, Zawadi Mkebe

Oya mwana, sogea. Kuna staa mpya hapa Busunzu, na siyo yule jamaa wa boda mwenye spika inayolia bonde zima. Huyo kashachuja. Staa wa sasa ana miaka kumi na sita, kavaa shati la shule lililopigwa pasi ya mkaa, mkononi kakamata karatasi. Cheti. Kimeandikwa "Kijana Bora". Kimegongwa muhuri. Muhuri umekaa upande, ila muhuri ni muhuri.

Zamani dogo wa klabu alikuwa mshamba tu. Mnamuona Jumamosi kabeba miche, mnampigia mluzi. Klabu ya mazingira, klabu ya midahalo, skauti, timu ya kata, wote tuliwatia kapu moja: watu wa shobo. Sasa upepo umegeuka. Yule mtoto mkali ambaye hata salamu yako haitikii anaomba selfie na kipanga wa klabu. Wewe na cheni yako ya mtumba ndo mnashikishwa simu mpige picha. Inauma? Kinoma.

Ila zawadi zenyewe, mwanangu, ni aibu tupu.

Ratiba unaijua. Tangazo linasema saa tatu asubuhi. Mgeni rasmi anatua saa saba, kapiga miwani, anasingizia barabara. Halafu hotuba. "Vijana ni taifa la kesho." Hiyo kesho wanaitangaza tangu mshua ana nywele kichwani, bado haijafika. Kisha wazee wanapewa nafasi ya kusema neno moja. Neno moja la nusu saa. Mzee wa kwanza: mpira hauleti ugali. Mzee wa pili: enzi zetu tulikuwa tunatembea kwa miguu mpaka Kasulu. Sawa babu, na sisi tungetembea, tatizo raba zitachafuka. Mzee wa tatu kasinzia kwenye kiti cha mbele. Huyo ndo kahutubia vizuri kuliko wote.

Saa tisa, jua la kichwani, jina lako linaitwa. Linakosewa. Unapanda mbele hivyo hivyo. Unapewa nini? Mkebe. Kijana bora wa kata nzima, mkebe wa hesabu na kaunta buku mbili. Bikari yenyewe imelegea. Kama ni mpira, timu inapewa mbuzi, mbuzi mmoja kwa watu kumi na nane, na paja la nyuma linaondoka na kocha. Usiulize.

Sasa piga hesabu za kibishi. Kunyoa, buku. Raba za kuazima, mwenyewe lazima umpoze kidogo. Lamination. Bando la kupost, maana cheti kisichokaa status hakijatolewa. Soda za wana, kwa sababu mshindi hawezi kuacha kijiwe kavu, utasemwa mpaka mavuno. Maza naye kashaagiza fremu. Jioni ikifika msimbazi umeenda na chenji haipo, na ulichopokea ukikiuza hakifiki buku tano. Wewe umetoboa, mfuko nao umetoboka.

Cheti kinaishia ukutani, kati ya kalenda ya mwaka juzi na picha ya Mwalimu. Mgeni yeyote akija, hata fundi wa bati, haruhusiwi kuondoka hajakisoma.

Lakini usije ukadhani nacheka klabu. Nacheka mkebe. Klabu zenyewe ni moto, na sisi wa mwisho wa reli tuna haki ya kuringa. Jane Goodall alitua Gombe 1960, binti wa miaka 26, hana digrii hata moja, kaja kuchungulia sokwe wetu. Lile ni jambo moja. La pili ndo la kwetu wana: 1991, Dar, barazani kwake, walikaa madogo 12 wa sekondari wakimwaga malalamiko kuhusu mambo waliyokuwa wanayaona, misitu inaisha, mazingira yanaharibiwa. Kikao kile kikazaa Roots & Shoots. Leo klabu zake ziko nchi zaidi ya 60. Madogo wa Bongo, baraza moja, dunia nzima ikafuata. Bi Jane katangulia Oktoba 2025, na klabu bado zinapanda miti kwenye shule za mkoa huu huu.

Ingawa kwenye miti nina neno. Siyo la nusu saa, tulia. Kumpa mtu tuzo siku anayopanda mche ni uzushi. Siku hiyo kila mtu ni mwanamazingira, kamera zipo. Mpe tuzo mti ukishapita kiangazi na mbuzi wa jirani. Hapo utajua nani alikuwa anamwagilia na nani alikuwa anauza sura.

Na wale wa "mpira hauleti ugali", hasa wakiona binti kavaa njumu, wakumbusheni India 2022. Serengeti Girls, watoto wa chini ya miaka 17, Kombe la Dunia. Mechi ya kwanza walikula nne za Japani, wazee wakaanza "si tulisema". Mechi ya pili wakamchapa Mfaransa 2–1. Kimya. Sare ya 1–1 na Kanada, hao robo fainali. Kolombia ndo wakawatoa, 3–0. Robo fainali ya dunia, mwana! Taja jambo lolote ambalo kijiwe chetu kimefika robo fainali. Bao hatufiki hata nusu ya kijiji.

Sasa turudi kwenye zawadi, mchongo wenyewe huu. Wasee wa Nairobi walishaukamata kitambo, kule Mathare, tena mtaa wa mabati. Mwaka 1987 Mkanada mmoja, Bob Munro, alianza na madogo wa hapo kitu kinaitwa MYSA. Dili lilikuwa simpo: mpira tutawapa, taka mtazoa nyie. Na siyo kuzoa kwa hisani. Timu ikishinda mechi, pointi 3. Ikisafisha mtaa, pointi 6. Soma tena. Fagio lina thamani ya mechi mbili! Mnaweza kuwa na straika hatari na bado mkapitwa na mbogi yenye makoleo.

Halafu wakaongeza utundu. Refa ana kadi ya njano, nyekundu, na ya kijani. Kijani anapewa aliyecheza kistaarabu kuliko wenzake, na inamwongezea pointi. Ukila nyekundu, kabla ya kurudi uwanjani unakuwa refa wa mechi za watoto. Yaani wewe mkorofi unapigiwa kelele na mtoto wa miaka tisa anadai penalti. Hiyo adhabu ni katili na naipenda.

Pointi za kila dogo zinahesabiwa: kufundisha wadogo, kuchezesha mechi, kufanya usafi. Wenye nyingi wanalamba tuzo ya uongozi, na tuzo siyo mkebe. Ni ada. Doh inakwenda moja kwa moja shuleni kwako, haipiti kwa mshua, haipiti kwa kocha wa paja. 1992 Umoja wa Mataifa ukawapa tuzo ya mazingira ya Global 500. Timu kubwa iliyotoka humo, Mathare United, ikabeba ligi ya Kenya 2008. Dennis Oliech alipita hapo kabla hajaenda kula euro Nantes na Auxerre.

Mtu atasema, Bongo ada ya sekondari ilifutwa, tangu 2016 mpaka fomu foo. Kweli. Sare je? Viatu? Michango ya chakula? Nauli ya anayetoka vilima vya kule ndani? Weka tuzo hapo. Hata viatu vya shule tu, vipya, saizi yangu, nitapanda miti mpaka Burundi.

Kijiweni hoja imeshapita. Timu yetu inashika mkia, hilo halina siri, golikipa anaogopa mpira. Lakini kwa sheria za Mathare, na taka zinazobaki pale baada ya gulio, tungekuwa vinara kabla refa hajapuliza filimbi. Tatizo ni moja: wale wa timu ya bondeni nao wameshaziona hizo taka, na jana wameonekana wananunua ufagio.